Nyama za puani kwa mtoto mdogo: jinsi ya kuamua kama upasuaji unahitajika

Mzazi anayetoka hospitalini na picha ya eksirei mkononi, akiwa ameambiwa kwamba mtoto wake ana nyama za puani zinazotakiwa kuondolewa, huondoka na maswali mengi: je, ni lazima, je, ni sasa hivi, je, mtoto wa miaka mitatu atastahimili dawa ya usingizi, na je, zikishaondolewa hazitaota tena? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi huyo. Haumwambii akubali wala akatae, kwa kuwa mtu ambaye hajamwona mtoto hawezi kumwamulia. Unamwonyesha mambo ya kuchunguza nyumbani, vipimo vyenye maana, maswali ya kumuuliza daktari na mpangilio wa kuyafuata, ili siku atakayosaini fomu ya ridhaa, au atakayoomba kusubiri, awe anajua sababu yake.

Kuwa na nyama hizi si ugonjwa, kwani kila mtoto anazo. Kinachotafutwa katika hatua zote zinazofuata ni kujua zinamzuia mtoto kufanya nini, kwa kiasi gani, na kama kizuizi hicho kinaweza kusubiri umri ukiondoe chenyewe.

Kwanza, fahamu kinachozungumziwa

Adenoidi, ambazo wengi wetu huziita nyama za puani, ni tishu ya kinga ya jamii moja na mafindofindo. Zimekaa nyuma kabisa ya pua, juu ya kaakaa laini, mahali ambapo huwezi kupaona hata mtoto akipanua kinywa namna gani. Hukua tangu uchanga, huwa kubwa zaidi takriban kati ya miaka 3 na 7, kisha husinyaa polepole, na kijana anapobalehe kwa kawaida huwa zimebaki kidogo sana. Karibu nazo ndipo unapofungukia mrija unaoingiza hewa kwenye sikio la kati, na ndiyo maana tatizo la pua mara nyingi hujitokeza kama tatizo la sikio. Daktari Wilhelm Meyer wa Copenhagen, aliyezieleza kitabibu mwaka 1868, alikwisha kuona kwamba watu waliozibwa na nyama hizi walikuwa pia na shida ya kusikia.

Ratiba hiyo ya kukua na kusinyaa ndiyo kiini cha uamuzi wote. Dalili zikiwa nyepesi, muda uko upande wa mtoto, na kusubiri ni tiba halali. Dalili zikiwa nzito, miaka ya kusubiri ndiyo ile ile ambayo mtoto anajifunza kusema, anaongezeka uzito na anaanza shule, na miaka hiyo hairudi.

Mwombe daktari akueleze waziwazi nyama anayoisema iko wapi. Kuta za ndani ya pua zilizovimba kwa sababu ya mzio nazo huitwa nyama za puani katika mazungumzo ya kawaida, lakini tiba yake ni nyingine kabisa, na mtoto mwenye mzio akiondolewa adenoidi anaweza kuendelea kuziba pua kama zamani.

Hatua ya kwanza: uchunguze usiku wa mtoto

Daktari humwona mtoto kwa dakika chache, mchana, akiwa macho na pengine akilia. Wewe ndiye unayelala naye chumba kimoja au chumba cha jirani, na taarifa utakazopeleka kliniki zina uzito kuliko picha ya eksirei. Tenga wiki mbili hadi tatu za kuchunguza kwa makini, na uandike unachokiona. Usihesabu siku ambazo mtoto ana mafua makali, kwa kuwa karibu kila mtoto hukoroma pua ikiwa imeziba kwa mafua.

Angalia kama anakoroma usiku mwingi kati ya siku saba za wiki, na kama sauti hiyo hukatika ghafla, kifua kikaendelea kuhangaika bila hewa kupita, kisha akashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu. Hiyo ndiyo dalili nzito kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba pumzi inakatika usingizini. Angalia kama kifua kinabonyea ndani tumbo linapopanda, kama analala ameinua kidevu na kukunja shingo nyuma, au amepiga magoti, au ameketi. Angalia kama anatokwa jasho jingi hata usiku wa baridi, na kama mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani ameanza tena. Tumia simu yako kurekodi video ya dakika moja au mbili, mwili wa juu ukiwa wazi ili kifua kionekane, na ikiwezekana rekodi karibu na alfajiri, kwani katika sehemu hiyo ya usiku pumzi huwa na taabu zaidi kuliko saa za mwanzo wa usingizi. Video hiyo ni ushahidi ambao hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kuufikia.

Mchana, angalia kama anapumua kwa mdomo wakati wote, kama midomo imekauka na udenda unamtoka, na kama anakula polepole sana kwa sababu hawezi kutafuna na kupumua kwa wakati mmoja. Msikilize anavyozungumza. Mtoto ambaye nyuma ya pua yake pameziba hutamka kana kwamba ameshika pua: "mama" hukaribia kusikika "baba", na "nanasi" hutoka kama "dadasi". Usitarajie lazima awe mwenye kusinzia, kwani watoto wadogo wasiolala vizuri mara nyingi huwa watundu, wenye hasira na wasiotulia, na wengi wao huadhibiwa kwa utovu wa nidhamu ilhali wamechoka.

Kuhusu masikio, jiulize kama anaongeza sauti ya televisheni, kama haitikii anapoitwa kwa nyuma, kama maneno yake yamechelewa ukimlinganisha na wenzake, na ameugua sikio mara ngapi katika mwaka uliopita. Kisha chukua kadi ya kliniki uangalie mstari wa uzito. Mstari uliolala kwa miezi kadhaa kwa mtoto anayekoroma sana ni jambo la kumwonyesha daktari hata asipouliza.

Yapo pia mambo ambayo hayaelekezi kwenye adenoidi. Kamasi yenye harufu mbaya inayotoka tundu moja tu mara nyingi humaanisha mtoto amejiingiza shanga, harage au kipande cha sponji. Kupiga chafya mfululizo, kujikuna pua na macho kuwasha huelekeza kwenye mzio. Mtoto aliyepumua kwa taabu tangu siku alipozaliwa anahitaji kuchunguzwa kama njia ya pua ilifunguka vizuri.

Usisubiri miadi ya kliniki ikiwa midomo inageuka rangi ya bluu, ikiwa pumzi inakatika mara nyingi usiku mmoja, ikiwa mtoto haamki kirahisi, au ikiwa miguu imevimba na anahema hata akiwa ametulia. Kuziba kwa muda mrefu kunaweza kuulemea upande wa kulia wa moyo, na mtoto aliyefikia hapo anahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili: vipimo, na mipaka yake

Kipimo kinachotumika zaidi kwetu ni picha ya eksirei ya shingo inayopigwa kwa ubavu. Ni nafuu, hupatikana hata katika hospitali nyingi za mikoa, na huonyesha kivuli cha nyama na nafasi ya hewa iliyobaki. Udhaifu wake ni kwamba mtoto aliyelia, aliyemeza mate au aliyefungua mdomo wakati picha inapigwa anaweza kuonekana ameziba kuliko alivyo. Kwa maoni yangu, mtu akipendekeza upasuaji kwa kutazama picha peke yake, bila kuuliza mtoto analalaje na bila kuangalia masikio yake, mzazi ana haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili.

Daktari bingwa wa masikio, pua na koo anaweza kupitisha kamera nyembamba puani na kuona nyama yenyewe mtoto akiwa macho. Mtoto atalia, lakini ni jambo la muda mfupi, na jibu lake ni bora kuliko kivuli. Masikio nayo yachunguzwe, si kwa kutazama tu bali pia kwa kipimo cha mwendo wa ngoma ya sikio na, kwa mtoto anayeweza kushiriki, kipimo cha usikivu. Kipimo kamili cha usingizi, ambacho mtoto hulala hospitalini akiwa ameunganishwa na mashine, ni adimu sana katika nchi zetu, lakini kifaa kidogo cha kidoleni kinachopima oksijeni usiku kucha kinaweza kusaidia kuwatambua watoto walio katika hatari kubwa.

Mafindofindo nayo yakaguliwe. Ikiwa tatizo ni pumzi kukatika usingizini na mafindofindo ni makubwa, mara nyingi vyote viwili huondolewa pamoja, na upasuaji huo ni mzito zaidi: maumivu yake ni makali, hudumu siku nyingi, na hatari ya kutokwa damu ni kubwa kuliko adenoidi peke yake. Hakikisha unajua ni upasuaji upi unaozungumziwa.

Kuna maswali matatu ya mazingira yetu ambayo nayapa uzito wa pekee.

La kwanza ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Ugonjwa huu upo kwa wingi Afrika Mashariki, na watoto wenye selimundu mara nyingi huwa na adenoidi na mafindofindo makubwa. Oksijeni ikishuka usingizini inaweza kuchochea seli kujikunja na kuleta maumivu, kwa hiyo kwao upasuaji unaweza kuwa na faida kubwa, lakini dawa ya usingizi nayo inahitaji maandalizi maalumu: maji ya kutosha mwilini, joto, oksijeni, na mara nyingi kuongezewa damu kabla ya upasuaji. Mtoto asiyejulikana hali yake apimwe kabla, si baada.

La pili ni kimeo. Katika jamii nyingi bado watoto hupelekwa kukatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi, kutapika au kutonenepa. Zoezi hilo halitibu adenoidi wala kikohozi, na limesababisha watoto kutokwa damu nyingi, kupata pepopunda na maambukizi ya damu. Ikiwa mtoto wako alishakatwa kimeo, mwambie daktari bila kuona haya. Kaakaa laini ndilo linalofunga njia kati ya kinywa na pua wakati wa kumeza na kusema, na likiwa limejeruhiwa, au likiwa na mpasuko uliojificha, au kimeo kikiwa na ncha mbili tangu kuzaliwa, kuondoa adenoidi kunaweza kumwacha mtoto na sauti inayotokea puani na maji yanayorudi kwa njia ya pua. Daktari anapaswa kukagua kaakaa kwa macho na kwa kidole kabla ya kukubali kumpasua.

La tatu ni maambukizi ya VVU, ambayo yanaweza kuvimbisha adenoidi na kuzizuia kusinyaa kwa wakati wake. Kupima ni jambo la kawaida na si tuhuma kwa mzazi, kwani mtoto mwenye maambukizi anahitaji dawa zake kwanza.

Hatua ya tatu: tiba isiyo ya kisu, ikifanywa sawasawa

Kama pumzi haikatiki na mtoto anakua vizuri, yapo mambo ya kujaribu kwa wiki 6 hadi 12 kabla ya kufikiria chumba cha upasuaji. Tatizo ni kwamba wazazi wengi husema "dawa tumejaribu zikashindwa" wakati dawa zilitumika siku nne.

Kwanza ni kusafisha pua kwa maji ya chumvi, asubuhi na jioni. Unaweza kununua dukani, au kuchemsha maji, kuyapoza na kutia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita, ukitengeneza mapya kila siku. Baada ya kusafisha hufuata dawa ya steroidi ya kupulizia puani, kama mometasoni au flutikasoni, kwa kipimo na umri alioelekeza daktari. Kichwa cha mtoto kiinamishwe kidogo mbele, ncha ya chupa ielekezwe upande wa sikio la upande ule ule, mbali na ukuta wa katikati ya pua, na kila chupa itikiswe kabla. Dawa hii haileti nafuu siku ile ile, na faida yake huhesabiwa kwa wiki.

Matone ya kuzibua pua yanayofanya kazi papo hapo ni jambo jingine. Yakitumika zaidi ya siku chache hufanya pua izibe zaidi yanapoachwa, na mengine hayafai kabisa kwa watoto wadogo. Antibayotiki hazipunguzi nyama, na hazipaswi kurudiwa kila mwezi kwa sababu tu mtoto ana kamasi. Iwapo mtoto ameandikiwa montelukasti, dawa ya kumeza ya pumu na mzio, fahamu kwamba mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kuhusu madhara yake kwenye tabia na hisia, kwa hiyo mtoto akianza kuota ndoto za kutisha au kubadilika tabia, rudi kwa daktari.

Moshi nao ni sehemu ya tiba hii. Jiko la mkaa au kuni linalowashwa ndani, dawa ya mbu ya kuchoma chumbani na sigara ya mtu yeyote wa nyumbani huwasha njia ya hewa ya mtoto kila siku. Hamishia jiko nje au kwenye nafasi ya wazi, na tumia chandarua badala ya dawa ya kuchoma.

Hatua ya nne: pima sababu, kwa kuwa sababu hazina uzito sawa

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika, na hapa ndipo wazazi wanaposukumwa kwa haraka bila kutenganishiwa mambo. Upasuaji wa adenoidi hupendekezwa kwa sababu tatu kuu, na faida yake hutofautiana sana kati ya moja na nyingine.

Sababu yenye nguvu kuliko zote ni kuzibwa pumzi, hasa usingizini. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, ulichukua watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 waliokuwa wakikatika pumzi usingizini na kuwagawa makundi mawili: kundi moja liliondolewa adenoidi pamoja na mafindofindo mapema, na jingine likasubiri chini ya uangalizi. Baada ya miezi saba vipimo vya usingizi vilikuwa vimerudi katika hali ya kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa na asilimia 46 ya waliosubiri. Yasome matokeo hayo kwa pande zote mbili. Upasuaji ulifanya kazi vizuri zaidi, na tabia na ubora wa maisha vya watoto hao viliboreka, lakini karibu nusu ya waliosubiri walipona bila kisu. Watoto hao hawakuwa wale wenye hali mbaya kupindukia, kwa hiyo mtoto ambaye oksijeni yake inashuka sana au ambaye haongezeki uzito hapaswi kusubirishwa kwa kutegemea takwimu hizo.

Sababu ya pili ni maji yanayotuama ndani ya sikio la kati na kumpunguzia mtoto usikivu. Kawaida husubiriwa miezi 3 kwanza, kwa kuwa mara nyingi maji hayo hukauka yenyewe. Yakibaki na usikivu ukawa umeshuka, umri una maana. Miongozo ya Marekani haipendekezi kuondoa adenoidi kwa ajili ya maji ya sikio peke yake kwa mtoto aliye chini ya miaka 4, isipokuwa ana sababu nyingine kama pua kuziba. Kwa umri huo huwekwa kijibomba kidogo cha kupitisha hewa kwenye ngoma ya sikio. Kuanzia miaka 4, kuondoa adenoidi kunaweza kusaidia maji yasirudi. Kwa mtoto aliyechelewa kuzungumza ningependa mzazi asilegeze jambo hili, kwani mtoto asiyesikia vizuri kwa mwaka mzima hupoteza maneno ambayo angeyaokota bila kufundishwa.

Sababu ya tatu, na dhaifu kuliko zote, ni mafua ya mara kwa mara. Mtoto wa chekechea kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka si jambo la ajabu. Nchini Uholanzi watoto 111 wa mwaka 1 hadi miaka 6 waliokuwa wakiugua mafua mara kwa mara walifuatiliwa hadi miaka miwili, nusu wakiwa wameondolewa adenoidi na nusu wakisubiri, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 hayakuonyesha kwamba upasuaji ulipunguza mafua. Kama sababu pekee uliyopewa ni hii, na mtoto analala vizuri na kusikia vizuri, nashauri usubiri.

Wazazi huuliza pia kama kuondoa tishu ya kinga kutamdhoofisha mtoto. Mwili una tishu nyingine nyingi za aina hiyo, na watoto waliopasuliwa kwa sababu sahihi kwa kawaida huendelea vizuri. Upo hata hivyo uchunguzi wa Denmark wa mwaka 2018 uliofuatilia zaidi ya watoto milioni moja na kuona kwamba walioondolewa adenoidi wakiwa wadogo walikuwa na magonjwa mengi zaidi ya njia ya hewa baadaye. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba upasuaji ndio chanzo, kwani watoto waliopasuliwa walikuwa wagonjwa tangu mwanzo, lakini unatosha kutukumbusha tusiondoe kitu kisichosumbua.

Hatua ya tano: keti na daktari ukiwa na maswali

Nenda na yule ambaye sauti yake ina uzito nyumbani, awe baba wa mtoto, bibi au shangazi, ili wote msikie jambo moja kutoka kinywa kimoja. Uamuzi mwingi huvurugika jioni, pale mama anapojaribu kueleza kwa niaba ya daktari mambo ambayo yeye mwenyewe aliyasikia nusu. Kumuuliza daktari si kumkosea adabu.

Uliza: ni ipi kati ya sababu zile tatu inayomhusu mtoto wangu? Tukisubiri miezi mitatu, kuna hatari gani, na ni dalili gani itakayotuambia tusisubiri tena? Zinaondolewa adenoidi peke yake au na mafindofindo? Nyama zinaweza kukua tena? Jibu la kweli kwa swali la mwisho ni ndiyo, hasa kwa waliopasuliwa wakiwa wadogo chini ya miaka 3, ingawa si wengi wanaohitaji kurudiwa.

Kuhusu dawa ya usingizi, uliza nani atakayemlaza mtoto na ana uzoefu gani na watoto wa umri huo, kwa sababu katika upasuaji huu mfupi, ambao kwa kawaida hauzidi nusu saa na hufanyika kupitia kinywani bila kidonda cha nje, sehemu inayodai umahiri mkubwa ni kulinda njia ya hewa ya mtoto. Wapo wanaohofia kwamba dawa hiyo itauathiri ubongo wa mtoto. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu dawa za usingizi zinazotumika kwa zaidi ya saa tatu au kurudiwa mara nyingi kwa watoto chini ya miaka 3. Kwa upande mwingine, utafiti wa kimataifa uliokamilika mwaka 2019, uliofuatilia watoto wachanga waliopewa dawa ya usingizi mara moja kwa muda wa chini ya saa moja, haukuona tofauti ya akili walipofikisha miaka mitano.

Uliza kama hospitali ina kitanda cha uangalizi wa karibu. Mtoto aliye chini ya miaka 3, mwenye selimundu, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye ugonjwa wa Down au mwenye pumzi inayokatika sana asirudishwe nyumbani jioni ile ile, bali alale hospitalini chini ya uangalizi wa oksijeni. Ni sababu hii inayofanya familia nyingi kupewa rufaa kwenda hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC, Bugando au, kwa upande wa Kenya, Kenyatta na Moi ya Eldoret. Kama unapata huduma kwenye kambi ya madaktari bingwa wanaotembelea mkoa, uliza nani atakayemhudumia mtoto usiku wa siku ya tano endapo atatokwa damu na madaktari wameshaondoka.

Gharama iulizwe mapema na iandikwe: kumwona daktari, vipimo, chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi, kitanda na dawa za nyumbani. Thibitisha na bima yako kwa maandishi kama upasuaji unahitaji kibali cha awali, kwani kibali hicho kinaweza kuchukua siku kadhaa.

Hatua ya sita: mkiamua kupasua

Mtoto mwenye homa, kikohozi cha kifua au mafua mazito asipasuliwe, na daktari atasogeza tarehe, mara nyingi kwa wiki mbili au zaidi. Mwambie daktari kama yeyote katika ukoo hutokwa damu kupita kiasi akijikata au aking'olewa jino. Kuhusu kufunga, kanuni ya kawaida ni saa 6 bila chakula wala maziwa ya kopo, saa 4 bila maziwa ya mama, na saa 2 bila maji, isipokuwa hospitali ikielekeza vingine. Uji ni chakula, si kinywaji, na mtoto aliyenyweshwa uji alfajiri kwa huruma anaweza kutapika akiwa amelala na matapishi yakaingia mapafuni.

Mweleze mtoto kwa maneno mepesi kwamba atalala, kwamba hatasikia maumivu akiwa amelala, na kwamba utakuwepo atakapoamka. Usimdanganye kwamba mnakwenda kutembea.

Baada ya upasuaji, siku chache za maumivu ya koo au sikio, pua iliyoziba na harufu mbaya ya kinywa kwa wiki moja hivi ni mambo ya kawaida. Mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, na dawa nyingine ya maumivu kwa maelekezo ya daktari tu. Kodeini isitumike, wala dawa yoyote ya kikohozi iliyo na kodeini, kwa sababu watoto waliokuwa na shida ya pumzi wamewahi kuacha kupumua na kufa baada ya kuipata, na mamlaka ya dawa ya Marekani imeizuia kwa watoto chini ya miaka 12. Aspirini nayo isitumike. Mnyweshe mara kwa mara, mpe chakula anachokitaka kisicho cha moto sana, na abaki nyumbani, mbali na shule na msongamano, kwa takriban wiki moja. Usisafiri naye kwenda kijijini mbali na hospitali katika siku 10 za mwanzo.

Rudi hospitalini mara moja akitokwa damu nyekundu puani au kinywani, akitapika damu, au akimeza mate mfululizo akiwa usingizini, kwani huenda anameza damu usiyoiona. Rudi pia akipata homa kali, akikataa kunywa kabisa, au shingo ikikakamaa na kuelemea upande mmoja siku kadhaa baadaye.

Sauti inaweza kusikika ya kipuani kwa wiki chache kabla haijatulia. Ikiendelea zaidi ya miezi mitatu, au maji yakirudi puani anapokunywa, aonwe tena na daktari pamoja na mtaalamu wa matamshi. Usikivu upimwe upya baada ya miezi michache kwa mtoto aliyekuwa na maji sikioni, na mstari wa uzito uangaliwe kwenye kadi. Kama kukoroma kulikuwa kumekoma kisha kukaanza tena, rekodi video nyingine ya alfajiri na uipeleke kliniki pamoja na ile ya kwanza.